Mwanga Ndani ya Pipa la Asali

Mhadhara kwa wafugaji nyuki, wasindikaji na walimu wa sayansi wa Kibondo na Kasulu



Sufuria ya maharage ikifurika jikoni na maji yenye chumvi yakamwagikia moto, mwali hugeuka njano iliyokolea kwa muda mfupi, kisha hurudia rangi yake. Kila mpishi wa Kibondo na Kasulu ameliona hilo. Chumvi yenyewe huenda ni ya Uvinza, na njano ile haitoki kwenye kuni bali kwenye sodiamu iliyomo katika chumvi. Mwaka 1859 na 1860, huko Heidelberg nchini Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walipitisha mwanga wa miali ya namna hiyo kwenye prisma, wakaona kwamba kila elementi ikiunguzwa hutoa mistari yake ya rangi, mahali palepale siku zote. Mstari wa sodiamu hukaa karibu na nanomita 589, iwe sodiamu hiyo imetoka baharini, Uvinza, au kwenye jasho la mkono wa mpimaji. Baadaye walichukua maji ya chemchemi ya chumvi ya Dürkheim, wakayachemsha hadi yakabaki masalia kidogo, na ndani ya mwali wa masalia hayo wakaona mistari ya buluu isiyofanana na ya kitu chochote kilichojulikana. Hivyo ndivyo sesiamu ilivyogunduliwa, kwa kutazama rangi.

Chemchemi za Uvinza nazo zimechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale mwaka 1967 na kukuta mabaki ya kazi hiyo yamelaliana tabaka juu ya tabaka. Wachemsha chumvi wale hawakuwa na prisma, ila njano ya mwali waliijua kuliko maprofesa wa Heidelberg.

Elimu ya kutambua kitu kwa mwanga wake tunaiita spektroskopia, na si lazima kitu kiungue. Ukikimulika, vifungo vinavyoshika atomu ndani ya molekuli hutikisika, kila kimoja kwa mwendo wake, na hunyonya yale mawimbi ya mwanga yanayolingana na mtikisiko huo. Mengine hupita au hurudi. Maji, kwa mfano, hunyonya sana karibu na nanomita 1450 na 1940, ambako jicho la mtu halifiki, katika mwanga unaoitwa karibu-infraredi. Mchoro wa kilichonyonywa na kilichopona ndio spektra. Walimu wataniwia radhi kwa kupita haraka hivi. Nia yangu leo ni kufika kwenye asali na nta, na njiani kuna kiwanda kimoja cha chuma ambacho lazima tukipitie.

Miaka ya 1860 viwanda vya Sheffield, Uingereza, vilianza kutengeneza chuma cha pua kwa mtindo wa Bessemer. Hewa ilipulizwa kwa nguvu kupitia chuma kilichoyeyuka, kaboni ikaungua, na mdomoni mwa tanuri ukatoka mwali mkubwa wenye kelele. Kazi nzima ilidumu dakika chache tu. Ukisimamisha hewa mapema, kaboni inabaki nyingi. Ukichelewa, chuma chenyewe kinaanza kuungua na mzigo wote unaharibika. Aliyeamua alikuwa fundi mzoefu anayetazama mwali kwa macho. Henry Roscoe, profesa wa kemia wa Manchester aliyewahi kufanya kazi na Bunsen, alipeleka spektroskopu kiwandani na mwaka 1863 akatangaza matokeo: katikati ya kazi huonekana mistari mingi ya kijani, na kaboni inapokwisha mistari hiyo hutoweka kwa ghafla. Hiyo ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa kwa mwanga kutumika kusimamia kazi ya kiwanda wakati inaendelea, badala ya kupima bidhaa ikiwa imeshapoa.

Lakini kuna mtego ndani yake. Roscoe alidhani mistari ile ni ya kaboni. Wataalamu waliomfuata walibaini kuwa sehemu kubwa yake ilitokana na manganizi iliyokuwamo ndani ya chuma. Jibu lilikuwa sahihi, sababu ikawa nyingine. Kwa chuma cha Sheffield, chenye manganizi ya kutosha, kosa hilo halikuwa na madhara. Mtu angepeleka chombo hichohicho kwenye chuma kisicho na manganizi, angesubiri mistari ambayo haikuwahi kuja, na mzigo ungeungua mbele yake. Naomba mlishike jambo hili, maana ndilo nililokuja kulisema: chombo cha mwanga kinaweza kutoa jibu sahihi kwa sababu isiyo yake, na siku mazingira yakibadilika kitatoa jibu la uongo kwa sauti ileile ya kujiamini.

Sasa tuje kwenye asali.

Misitu ya miombo inayoanzia hapa Kibondo kuelekea Moyowosi, na ile ya upande wa Makere wilayani Kasulu, inatoa asali kwa misimu inayofuata maua. Mfugaji ana mizinga ya magome na ya magogo aliyoirithi, na siku hizi ana mizinga ya masanduku pia. Serikali ya Ubelgiji, kupitia shirika lake la BTC ambalo tangu 2018 linaitwa Enabel, ilifadhili mradi wa kusaidia ufugaji nyuki mkoani Kigoma, kwa hiyo maneno kama kituo cha kukusanyia, kuchuja na vifungashio si mageni katika chumba hiki. Asali hurinwa usiku, hubebwa kwa ndoo, hufika kituoni, humiminwa kwenye pipa, pipa hupanda lori, na lori husafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam. Pipa likishajaa kwa ndoo za watu ishirini, kosa la mmoja limekuwa la wote, na hakuna chombo duniani kitakachosema lilikuwa la nani.

Kosa la kwanza ni maji. Masega yakirinwa kabla nyuki hawajayafunika, asali inakuwa nyepesi na baada ya muda inachachuka. Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kwa asali ni maji yasiyozidi asilimia 20. Hapa nitawashangaza waliotarajia niwauzie mashine: kwa kazi hii spektroskopia si lazima. Refraktomita ya mkononi, ile ya kutia tone moja na kuchungulia kwenye mwanga wa jua, inatosha na inadumu miaka. Spektromita ya karibu-infraredi hupima maji vizuri sana, kwa kuwa maji ndiyo yanayonyonya mwanga huo kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote ndani ya asali, lakini faida yake huonekana pale ndoo zinapokuwa mamia kwa siku na foleni imefika barabarani. Kituo kinachopokea ndoo thelathini kwa wiki kinunue refraktomita mbili, moja ya akiba, na fedha inayobaki kiezekee banda la mapipa. Nitaeleza kwa nini banda.

Kosa la pili ni joto, na hili ndilo linalotuumiza zaidi sokoni. Fruktosi ya asali ikikaa kwenye joto huvunjika na kuzaa hidroksimethilifurfurali, ambayo maabara zote huiita HMF. Asali iliyorinwa leo karibu haina HMF. Codex inaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali ya nchi za joto kama yetu inaruhusu 80. Kufikia hizo 40, asali iliyo kwenye nyuzijoto 40 huchukua takriban siku 20 hadi 50. Kwenye nyuzijoto 50 ni siku 4 hadi 10. Kwenye 70 hazizidi saa 5 hadi 14. Pipa la chuma likiachwa juani mchana kutwa kando ya barabara, na msindikaji akaja kulichemsha ili asali iliyoganda iyeyuke haraka apate kuichuja, hesabu imekwisha kabla lori halijawashwa.

Kipimo cha HMF ni kazi nzuri ya mwanga, na shule yenye maabara ya kemia inaweza kuielewa yote. Jonathan White wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alikichapisha mwaka 1979. HMF hunyonya mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 284. Tatizo ni kwamba ndani ya asali kuna vitu vingine vinavyonyonya palepale. White alitafuta njia ya kuvitenganisha bila kuvitoa. Asali iliyoyeyushwa na kuchujwa hugawanywa sehemu mbili. Moja hutiwa maji, nyingine hutiwa sodiamu bisulfaiti, ambayo huishika HMF na kuizuia kunyonya mwanga huo, huku vile vitu vingine vikibaki kama vilivyokuwa. Tofauti ya sehemu hizo mbili ni HMF peke yake. Husomwa pia kwenye nanomita 336 ili kuondoa ukungu wa jumla. Walimu, angalizo dogo: vikasha vya kupimia lazima viwe vya kwatzi. Kioo cha kawaida kinanyonya mwanga huo chenyewe, na atakayekitumia atapima kioo.

Sasa mtu atakuja, na ninajua atakuja, na kifaa kidogo cha karibu-infraredi cha kushika mkononi, akisema kinapima maji, sukari na HMF kwa sekunde tano. Maji, mwamini. Sukari, mwamini kwa kiasi. Kwenye HMF muulize anaionaje. Miligramu 40 kwa kilo ni sehemu 4 katika laki moja, na mwanga wa karibu-infraredi kwa kawaida hauoni kitu kilicho chini ya sehemu moja katika elfu. Hata hivyo huenda akakuonyesha grafu inayopendeza, namba za kifaa zikikaribiana na za maabara. Si lazima awe mwongo. Kifaa chake kinaweza kuwa kinasoma vitu vinavyoandamana na HMF katika sampuli alizoanza nazo, kama ukongwe wa asali, weusi wake au namna ilivyoganda, kama Roscoe alivyosoma manganizi akadhani ni kaboni. Asali ya miombo huwa nyeusi tangu mzingani. Kifaa kilichofundishwa kwamba weusi ni dalili ya kuchemshwa kitaihukumu asali ya Kibondo iliyorinwa jana kuwa imepikwa.

Kuhusu rangi yenyewe, wafanyabiashara wa dunia huipima asali kwa kipimo cha Pfund, kwa milimita: chini ya 8 ni ile inayofanana na maji, na juu ya 114 ni kahawia nzito. Siku hizi fotomita husoma namba hiyo kwa kupitisha mwanga kwenye kikasha. Namba ya juu haimaanishi asali mbovu. Ni habari ya mti gani ulichanua, na mnunuzi anayeitumia kushusha bei aambiwe hivyo bila woga, mradi mkononi mna cheti cha HMF.

Kosa la tatu ni uchakachuaji, na hapo nitaanza na nta badala ya asali. Nta haitajwi sana majukwaani, lakini haiozi, haimwagiki, haihitaji chupa, na mfugaji wa mizinga ya magogo anayekamua masega yote anapata nyingi kuliko mwenye masanduku anayerudisha masega mzingani. Hutumika kwenye vipodozi, mishumaa, dawa za ngozi na rangi za viatu, na Tanganyika iliiuza ng'ambo tangu enzi ya Wajerumani. Wanunuzi wa zamani waliijua kwa kuikata, kuinusa na kuitafuna. Mbinu hizo bado zina heshima yake, isipokuwa parafini ya siku hizi ni nyeupe, haina harufu, na ikichanganywa kwa kiasi kidogo ulimi haugundui.

Infraredi inagundua. Takriban theluthi mbili ya nta ya nyuki ni esta, yaani molekuli zenye kifungo cha kaboni na oksijeni kinachonyonya mwanga kwa nguvu karibu na mikromita 5.76. Parafini ni kaboni na hidrojeni tupu, haina kifungo hicho hata kimoja. Ukikwangua nta kidogo ukaibana juu ya fuwele ngumu, mara nyingi almasi, na kuipiga mwanga wa infraredi kutoka chini, spektra inatoka kwa muda wa kunywa chai. Kadiri parafini ilivyo nyingi, ndivyo kilele cha esta kinavyopungua kikilinganishwa na vilele vya kaboni na hidrojeni. Asidi ya steariki, ambayo nayo huchanganywa, huongeza kilele chake pembeni kidogo ya kile cha esta. Mafuta ya ng'ombe yana esta pia, lakini kilele chake hukaa upande wa pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Croatia, walichapisha mwaka 2015 utaratibu wa kufanya upimaji huu kama kazi ya kila siku.

Mnaweza kudhani huu ni ugomvi wa bei tu. Mwaka 2016 na 2017 wafugaji wa Ubelgiji na Uholanzi waliweka mizingani karatasi za nta walizonunua, zile zenye alama za vyumba ambazo nyuki hujengea. Majana yakafa ndani ya vyumba. Nta ile ilikuwa imechanganywa na asidi za mafuta, steariki na palmitiki. Mfugaji wa Kasulu aliyehamia mizinga ya masanduku na sasa ananunua karatasi za nta dukani ana sababu kubwa ya kutaka kujua zilikotoka, kuliko hata mnunuzi wa Hamburg.

Na hapa tena mtego wa Sheffield unarudi, safari hii kwa sura nyingine. Nta safi ya nyuki ina hidrokaboni zake za asili, kama asilimia 14, na kiasi hicho hutofautiana kati ya aina moja ya nyuki na nyingine, au kati ya sega jipya na sega kuukuu. Kwa hiyo anayesema "nta hii ina parafini asilimia 5" anasema kwa kulinganisha na nta fulani aliyoiweka kando kama kipimo cha usafi. Ni nta ya wapi? Ikiwa ni ya nyuki wa Ulaya pekee, basi mfugaji wa Kibondo anahukumiwa kwa mizani ya mwenzake. Huenda tofauti ni ndogo isiyodhuru. Lazima ipimwe ndipo isemwe.

Asali iliyochanganywa na shira ya sukari ni ngumu zaidi, kwa sababu shira nazo ni glukosi na fruktosi. Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilitoa taarifa mwaka 2023: katika sampuli 320 za asali iliyoingizwa Ulaya, asilimia 46 zilitiliwa shaka. Njia zilizotumika zilikuwa nyingi, zikiwamo za kupima isotopu za kaboni, kwa hiyo sitadai kwamba ni ushindi wa mwanga. Mwanga wa infraredi na ule upimaji wa sumaku wanaouita NMR hutumika kuchuja kwanza, kutenga zinazostahili kuchunguzwa zaidi. NMR ya asali imezua mabishano makali, hasa Uingereza, na kiini cha mabishano si mashine bali kumbukumbu iliyo nyuma yake: ni asali ngapi za kweli zilizoingizwa humo, kutoka nchi gani, na nani anaruhusiwa kuikagua. Mashine haijui asali. Inajua spektra ilizoonyeshwa, ikaambiwa hizi ni asali. Ukiileta asali ya mtundu na miti mingine ya miombo ambayo haikuwahi kuonyeshwa, itasema haiijui, na katika lugha ya cheti hilo huandikwa kama shaka.

Kumbukumbu hizo zinaweza kujengwa huku kwetu, na mfano haupo mbali. Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF, Keith Shepherd na Markus Walsh walikusanya udongo wa juu zaidi ya sampuli elfu moja kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, wakapima kila mmoja kwa kemia ya kawaida na kwa mwanga, na mwaka 2002 wakachapisha maktaba ya spektra za udongo huo. Baada ya hapo udongo mpya ungeweza kusomwa kwa mwanga kwa dakika chache, ukalinganishwa na maktaba, na gharama ya kemia ikabaki kwa sampuli chache za kuhakiki. Mradi wa AfSIS uliokuja baadaye ulisambaza kazi hiyo katika nchi nyingi za bara hili, Tanzania ikiwamo. Walichofanya cha maana hakikuwa kununua spektromita. Zilikuwapo duniani tangu zamani; Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alipima unyevu wa nafaka kwa karibu-infraredi tangu miaka ya 1950 na 1960, na Tume ya Nafaka ya Kanada ikaanza kupima protini ya ngano kwa njia hiyo mwaka 1975. Walichofanya Shepherd na Walsh ni kuufundisha mwanga udongo wa Afrika.

Kabla ya kusema tufanyeje, niwatoe hofu wanaofikiri mambo haya ni ya watu wenye umeme wa uhakika na viyoyozi. Upimaji kwa rangi umekuwa ukifanyika katika wilaya hizi kwa miaka. Katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, wahudumu wa maji wamekuwa wakitia kidonge cha DPD kwenye maji ya bomba na kutazama waridi inayotokea. Klorini inayotakiwa kubaki ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, na waridi ile ndiyo kipimo. Ile ni spektroskopia, isipokuwa chombo ni jicho. Chumvi ya Uvinza ikidondoshewa dawa yenye wanga hugeuka buluu kama ina madini joto. Kipimo hicho husema madini yapo, hakisemi vizuri ni kiasi gani, na ndiyo maana viwanda vya chumvi hutumia fotomita inayosoma buluu hiyohiyo kwa namba.

Na kuna muhogo, ambao Kibondo na Kakonko hawawezi kusimama bila huo. Unga wa muhogo unaoliwa, kwa Codex, usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitengeneza kipimo cha karatasi ya pikrati: miligramu 100 za unga huwekwa kwenye kichupa kilichofunikwa pamoja na karatasi ya njano, hulazwa usiku kucha, na asubuhi karatasi imegeuka kahawia kwa kadiri ya sianidi iliyotoka. Inalinganishwa na kadi ya rangi, au huloweshwa kwenye maji mililita 5 na maji hayo kusomwa kwenye nanomita 510, na namba inayopatikana ikizidishwa kwa 396 ndiyo sianidi, kwa miligramu kwa kilo. Kifaa cha mkononi cha karibu-infraredi hakiwezi kazi hiyo, kwa sababu ileile niliyotoa kwa HMF: kidogo mno. Kinachoweza ni kukadiria wanga na ukavu wa muhogo, na vituo vya kuzalisha mbegu nchini Uganda hukitumia hivyo. Watafiti wa huko wamekwenda mbali zaidi wakijaribu kugundua ugonjwa wa michirizi kahawia kwenye jani kabla dalili hazijaonekana. Kazi hiyo naiheshimu, ila bado haijafika mahali pa kumpa mkulima uamuzi wa kung'oa shamba.

Basi ninachopendekeza si mashine, na najua baadhi yenu mlikuja kuiona. Ninapendekeza daftari la asali na nta za nyanda hizi, lenye sampuli ndani yake. Kila msimu, kila kituo kitoe chupa chache za asali ambayo mrinaji wake anajulikana na anaaminika, na kila chupa iandikwe msitu gani, siku gani, mzinga wa aina gani, miti gani ilikuwa imechanua. Wazee wanaoijua miti kwa majina ya Kiha watahitajika hapa kuliko mtu wa maabara. Chupa hizo zipimwe kwa njia za kawaida za maabara, kisha zipitishwe kwenye mwanga. Nta vilevile.

Watu husahau nusu ya pili: daftari linahitaji asali mbovu za makusudi. Chukua asali safi, itie shira asilimia 5, nyingine 10, nyingine 20. Ipashe moto nyingine kwa saa zinazohesabiwa. Iache nyingine kwenye pipa juani. Yeyusha nta uitie parafini kwa vipimo. Chombo kisichowahi kuonyeshwa uongo wa kwetu hakiwezi kuukamata. Kitajua tu uongo wa Ulaya, na wachakachuaji hawachakachui kwa mtindo mmoja duniani kote. Msimu mmoja mzima ufichwe, usitumike kufundishia, ili ndio uwe mtihani. Kikifaulu msimu ambao hakijauona, tunaweza kuanza kukisikiliza.

Mtauliza nani alishike daftari. Maabara ziko: Shirika la Viwango, Mkemia Mkuu wa Serikali, vyuo vikuu, chuo cha ufugaji nyuki cha Tabora. Wapime wao. Lakini hati ya nani anamiliki namba hizo iandikwe kabla ya chupa ya kwanza kutoka, na jina la chama cha wafugaji liwemo. Kampuni itakayotaka kuziingiza kwenye mashine yake iombe. Mabishano ya NMR niliyoyataja yametufundisha kwamba kumbukumbu iliyofungiwa kabatini kwa mwenye mashine haina wa kuihoji, na anayepoteza ni yule ambaye pipa lake limerudishwa kutoka bandarini.

Mpaka daftari liwepo, kuna kazi ya kuanza wiki ijayo. Mapipa yakae kivulini; ndilo banda nililolitaja. Kipimajoto kiwe ndani ya asali inayopashwa, si ukutani, na mwenye zamu aandike namba na saa. Refraktomita ipime kila ndoo kabla haijamiminwa. Na sampuli ichukuliwe kwa haki: asali iliyoanza kuganda ina chembe za glukosi chini na maji zaidi juu, kwa hiyo kijiko kilichochota juu ya pipa kinadanganya hata mbele ya chombo cha mamilioni. Lipashe taratibu kwa joto dogo, koroga hadi chini, kisha jaza chupa tatu ndogo za rangi nyeusi. Zifungwe mbele ya muuzaji na mnunuzi, wote wawili watie sahihi juu ya lakiri. Moja aende nayo mnunuzi, moja ibaki chamani mahali pa giza na pa baridi, na ya tatu iwekwe bila kufunguliwa hadi malipo yakamilike au ubishi uzuke.